Shilingi 200 zinawauma nini?

Jirani yangu mmoja hapa Nyali, Mombasa, ana fleti nne anazozikodisha kwa wageni wa usiku kupitia Airbnb, ile programu ya simu, na juzi kwenye kikao cha wakaazi alipandwa na mori. Eti serikali imwache na ushuru wake wa utalii, yeye si hoteli. Si hoteli! Kila Ijumaa masanduku ya magurudumu yanagonga ngazi hadi saa nane usiku, askari wa getini kageuka mapokezi, na boza la maji tunalolichangia sawasawa sasa linaisha kabla ya Jumatano.

Ushuru wenyewe wa utalii ni asilimia 2. Fleti ya elfu 10 kwa usiku inadaiwa shilingi 200, nazo akitaka atamwongezea mgeni kwenye bei. Wala si jambo jipya, Sheria ya Utalii ni ya 2011.

Kinachonikera hasa ni mama mmoja mwenye lojingi Mwembe Tayari. Vyumba vyake vina neti za viraka na feni zinazolia usiku kucha. Lakini ana bango barabarani, kwa hiyo kila afisa anamjua: leo leseni ya kaunti, kesho watu wa afya, keshokutwa zimamoto, na ushuru juu yake. Jirani yangu anapokea wageni kwa simu, funguo zimo kwenye kijisanduku cha namba mlangoni, na hakuna anayempigia hodi. Wote wawili wanauza kitanda cha usiku. Au siku hizi kodi ni adhabu ya kuwa na bango?

Haya, nakubali shingo upande kwamba pesa hizi zinatumiwa kwa namna ya kutia uchungu. Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala kule Kilifi kinategemea pesa hizi, na ujenzi wake umekokotwa zaidi ya miaka 10. Basi tupige kelele hapo, nitakuwa wa kwanza.

Na usajili wa nyumba za Airbnb? Tuliukumbuka 2024, baada ya wasichana kuuawa ndani ya nyumba hizi Nairobi. Sina la kuongeza.

Ila jamani, msitume maafisa kugonga milango. Mnajua watarudi na nini mfukoni. Kampuni yenyewe ya Airbnb hukata kamisheni yake kabla senti haijamfikia mwenye nyumba, na kule Paris imekuwa ikiwakusanyia wakuu wa jiji ushuru wa wageni tangu 2015. Ikate na asilimia 2 yetu papo hapo. Programu inayojua kumtoza mgeni ada ya usafi haiwezi kushindwa na shilingi 200.