"Wewe Si Ulishaugua?"

Kauli hiyo bado inanichoma. Dada yangu ni muuguzi Mombasa. Mwaka 2020 aliugua Korona, akapona, akarudi kazini akakuta vifaa vya kinga havitoshi. Zamu za wodi ya wagonjwa wa Korona wakapangiwa yeye na wenzake waliokwisha kuugua. Barakoa moja, kutwa nzima. Alipolalamika, msimamizi akamjibu: "Wewe si ulishaugua?"

Sikatai, kuugua kuliacha kinga. Uingereza, utafiti wa SIREN uliwafuatilia wahudumu wa hospitali zaidi ya 25,000, na waliokwisha kuambukizwa walionekana kuwa na hatari ya kuambukizwa tena iliyo pungufu kwa asilimia 84 kuliko wasiowahi kuambukizwa, kwa muda wa kama miezi 7. Ni kinga nzuri. Ila hatari iliyobaki haigawanywi sawasawa. Mimi nilikuwa nafanya kazi sebuleni, mtu wa karibu kunikoholea alikuwa paka. Dada alikuwa akiinama juu ya wagonjwa wanaohema, usiku baada ya usiku. Hatari ndogo ukiijaribu mara mia si ndogo tena. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa makanga wa matatu, kwa keshia wa dukani, kwa dereva wa lori aliyelala foleni mpakani Malaba akisubiri majibu ya vipimo.

Na kirusi chenyewe hakikutulia. Agosti 2020 tayari Hong Kong ilikuwa imethibitisha mtu aliyeambukizwa tena, miezi minne na ushei tangu mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2021 ikaja Omicron, aina mpya ya kirusi hicho, na watafiti wa Afrika Kusini wakaona maambukizi ya kurudia yakipanda kwa namna ambayo hawakuiona kwa aina zilizotangulia, Beta wala Delta. Kinga ya wimbi la jana ilikuwa inamtambua adui wa jana.

Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa sayansi. Kinga ya mwili wa mfanyakazi ilikuwa bure, glavu na barakoa zinanunuliwa. Desemba 2020 madaktari wa Kenya waligoma wakidai vifaa hivyo na bima ya afya, mwezi uleule alipofariki mwenzao wa miaka 28 akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi.

Dada aliugua tena Omicron ilipoingia. Chanjo ilimsaidia, hakulazwa. Siku ya tatu simu ikaita, msimamizi yuleyule, anauliza atarudi lini.