Sadaka ya Gunia, Sadaka ya Fedha: Msaada Upakiwe Mjini Moshi au Ununuliwe Kule Kule?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Walionusurika walihifadhiwa kwenye shule, na misaada ya unga, mablanketi na magodoro ikaanza kumiminika, mingi yake kutoka kwa watu wa dini. Kwa sharika, parokia na misikiti ya Moshi na Arusha, Katesh ni karibu: Makuyuni, Babati, kisha barabara ya Singida. Ukaribu huo unashawishi. Tangazo linatolewa Jumapili au Ijumaa, vitu vinarundikwa ukumbini, na kabla wiki haijaisha kuna Fuso limefunikwa turubai na bango limefungwa ubavuni. Swali ni kama hiyo ndiyo njia bora ya kutumia sadaka ya watu.

Tuanze na hesabu ya lori. Kiwango cha kimataifa cha kupangia chakula cha dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa chakula chetu hiyo ni takriban gramu 400 za unga wa mahindi, 60 za maharage, 25 za mafuta, 50 za unga wa lishe, 15 za sukari na 5 za chumvi, jumla gramu 555. Lori la tani 10 likipakiwa kwa uwiano huo linalisha watu 1,000 kwa siku 18. Si haba. Lakini karibu hakuna lori la sadaka linalopakiwa kwa uwiano huo. Linajaa unga, kwa sababu unga ndio kila mtu hukumbuka, na mafuta yanakuwa madumu machache. Familia ya watu watano ikipewa kiroba kimoja cha kilo 25 ikaambiwa ni cha wiki mbili, kiroba kinakwisha siku ya 13 mchana, na wakati wote huo imekula ugali usio na mboga.

Maji ya chupa ndiyo kosa ghali zaidi. Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Watu 1,000 wanahitaji lita 15,000, na lori zima la tani 10 halifikishi hata mahitaji ya siku moja. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kinatibu ndoo ya lita 20, kwa hiyo lita zote 15,000 zinahitaji vidonge 750, mzigo ambao mtu mmoja anaubeba mkononi. Sharti lake ni kwamba klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya tope. Maji yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo kidonge kiwekwe na kusubiriwa dakika 30. Yakibaki na ukungu, vinahitajika vidonge viwili. Mtu wa kuonyesha hayo ana thamani kuliko katoni 200 za maji.

Kuna vitu vinavyopelekwa kwa moyo safi na kuleta kazi au madhara. Maharage makavu bila kuni wala sufuria kubwa ni mfano mmoja: yanataka saa mbili au zaidi motoni, na darasani hakuna jiko. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga ni mfano mbaya zaidi, maana yanakorogwa kwa maji machafu kwenye chupa isiyochemshwa, na mama aliyekuwa ananyonyesha anaanza kuacha. Mashirika ya afya yamekuwa yakionya juu ya hili miaka nenda rudi. Kuhusu mitumba, anayejua soko la Memorial pale Moshi anaelewa kwamba belo lisilochambuliwa linataka watu, nafasi na siku kadhaa. Kule kwenye maafa vyote vitatu vina kazi nyingine.

Kwa hiyo fedha? Mara nyingi ndiyo. Unga unapatikana Babati, na aliye pale anajua leo kinachokosekana ni taulo za kike au majembe ya kuondolea tope. Nauli ya lori inabaki kuwa chakula. Mfanyabiashara wa wilaya ileile anaendelea kuuza badala ya kushindana na unga wa bure.

Upande wa pili nao una hoja zisizopuuzwa. Ya kwanza ni ya siku tatu za mwanzo: duka likiwa limefukiwa, fedha haipikwi. Hapo lori lililosheheni vizuri ni jibu sahihi, mradi litoke mapema na lijue linakabidhi wapi. Ya pili naiona nzito zaidi. Sadaka ni ibada kabla haijawa ugavi. Bibi wa Marangu mwenye mkungu wa ndizi na kuku mmoja hana simu yenye salio la kutuma. Ukimwambia "tunapokea fedha tu" umemtoa kwenye ibada, na kapu limebaki la wenye mishahara.

Ajabu ni kwamba dawa ya hoja hiyo wanayo wenyewe. Sharika nyingi za Kilutheri za Kilimanjaro na Meru hufanya mnada wa sadaka ya mazao nje ya kanisa baada ya ibada: kuku, mayai, mkungu, debe la mahindi. Mkungu wa bibi unaingia mnadani, unanunuliwa kwa bei ya kushindana (nyingine za kuchekesha kabisa), mhazini anaandika, na jioni ndizi imekwisha kuwa fedha bila bibi kuonekana mdogo. Kinachokosekana ni kuutumia mnada huo huo kwa maafa badala ya kupakia ndizi zitakazoivia njiani Minjingu.

Wanaopinga fedha kwa kutaja Maandiko wasome hadi mwisho mfano wa Msamaria katika Luka 10, aliyemsaidia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi njiani. Msamaria, ambaye jina lake limekaa hata kwenye taasisi inayomiliki hospitali ya KCMC, alitumia mafuta na divai aliyokuwa nayo pale njiani. Kesho yake alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kuahidi kulipa kitakachozidi. Vitu vilikuwa vya saa ya kwanza, na fedha za siku zilizofuata zilikwenda kwa mtu wa palepale.

Misikitini hesabu ni tofauti kidogo. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo hutaka zakatul-fitri, ile ya mwisho wa Ramadhani, itolewe chakula, na zakati ya mali iende kwa Waislamu walio katika mafungu manane ya wanaostahiki kuipokea. Sadaka ya kawaida haina mipaka hiyo. Kamati inayochanganya fedha zote kwenye mfuko mmoja itajikuta ama inawanyima majirani wasio Waislamu, ama inakiuka masharti ya waliotoa. Mifuko miwili na daftari mbili tangu siku ya kwanza huondoa ubishi.

Orodha ya wapokeaji ndipo misaada ya dini inapoharibikia zaidi. Nguvu yake ni mtandao: mchungaji, katekista na imamu walikuwepo kabla ya tope na watakuwepo baadaye, na wanajua nani amefiwa. Wao ndio wanaozika na kukaa na wafiwa, kazi ambayo hakuna kamati ya serikali itakayoifanya kwa niaba yao. Lakini orodha ikitoka kwenye jumuiya za kanisa, asiye na jumuiya hayumo. Hanang wapo Wairaqw na Wadatoga, Wakristo, Waislamu na watu wa dini za jadi. Orodha ya mtendaji wa kijiji nayo ina tundu lake, kwani wapangaji na wachuuzi wa gulioni husahaulika. Njia inayofanya kazi ni orodha ya kitongoji isomwe kwa sauti hadharani, viongozi wa dini zote waongeze walioachwa, kisha ibandikwe ukutani siku moja kabla ya kugawa.

Na mahubiri? Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada zinakataza msaada kutumiwa kueneza msimamo wa kidini. Wengine husema sala fupi haimdhuru mtu, na kwetu hata mkutano wa kijiji hufunguliwa kwa dua. Ni kweli, ila mwenye njaa aliye kwenye foleni hana uhuru wa kuondoka. Naona sala ifanyike Arusha wakati wa kupakia, na ibada Katesh iwe siku isiyo na mgao. Picha za mpokeaji akishika kiroba mbele ya bango ziachwe. Mathayo 6:3 na hadithi ya Mtume vinasema jambo lilelile: mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia. Mfadhili anayetaka uthibitisho apewe risiti za EFD (mashine ya kodi), hati ya mzigo yenye sahihi za dereva, mtunza stoo na mjumbe wa kamati ya maafa ya wilaya, na karatasi ya dole gumba za waliopokea.

Kwa wakimbizi wa vita, lori la kujitegemea halina nafasi kubwa. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, haiingiliki bila kibali cha serikali, na TCRS, shirika lenye mizizi ya Kilutheri, limekuwa likihudumia wakimbizi nchini tangu 1964. Kupeleka fedha huko hakuna ubishi mkubwa.

Ubishi unaobaki Hanang ni wa muda. Nyumba mpya zaidi ya 100 zilijengwa Waret kwa waliopoteza makazi, lakini nyumba haina mbegu, jembe wala ada ya mtoto. Usharika uliotumia kila shilingi Desemba hauna kitu Machi, na waumini hawapendi kusikia sadaka ya maafa imelazwa benki. Mhazini atakayependekeza theluthi moja ibaki kwa miezi ya baadaye ajiandae kuulizwa maswali makali, na awe na daftari mkononi.