Mgeni rasmi akishaondoka

Huu ni mwaka wangu wa saba Leipzig, Ujerumani, muuguzi wa zamu kwenye wodi ya wazee, na katika mambo yote niliyojifunza huku sikutegemea kwamba siku moja nitazoea kulipa ili nimsikilize mtu akisoma. Yuro 10. Unaingia duka la vitabu likishafungwa kwa wateja, rafu zimesukumwa pembeni, viti vya kukunja vimepangwa kama vya msibani, mbele kuna meza ndogo, taa na glasi ya maji. Mwandishi anaingia, anasalimia, anakaa, anasoma. Dakika arobaini. Hakuna MC, hakuna muziki, hakuna anayepita mbele na kamera. Wenyewe wanaiita Lesung. Mara ya kwanza nilidhani nimeingia ibadani, nikawa nasubiri kapu la sadaka lipite.

Akimaliza kusoma anahojiwa na mtu aliyekisoma kitabu mpaka kimeota vikaratasi vya rangi pembeni. Jioni moja mhoji alimuuliza mama mmoja mwandishi: kifo cha mama yako umekipa mistari miwili, ukarabati wa jiko kurasa sita, kwa nini? Yule mama akanywa maji. Akakaa kimya hadi tukaanza kuogopa. Halafu akasema, "Jiko nililiweza." Nilirudi nyumbani na tramu nikiwaza hilo jibu, na kesho yake kazini nikawa nawaangalia wale wazee wangu kwa jicho jingine, hasa bibi mmoja ambaye kila siku hunisimulia habari za pazia tu.

Sasa nyumbani.

Mwaka juzi nilikwenda likizo, na mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari akawa anazindua riwaya yake ya kwanza, Dar es Salaam. Kadi ilisema saa nane mchana. Mgeni rasmi aliingia saa kumi kasorobo, tukasimama. MC akatambulisha meza kuu, kisha waliokaa nyuma ya meza kuu, kisha wawakilishi wa wale waliotuma wawakilishi. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuizingatia upya, jina kwa jina. Kwaya iliimba. Watoto wa shule ya msingi wakatoa ngonjera. Ikasomwa hotuba ndefu juu ya umuhimu wa kusoma vitabu, na msomaji akawa anayakuta baadhi ya maneno palepale kwa mara ya kwanza. Kitabu chenyewe kilikaa kwenye kikapu, kimefungwa utepe mwekundu. Utepe ukakatwa, nakala ya kwanza ikapigwa mnada, makofi. Mwalimu akapewa dakika tano za kutoa neno la shukrani. Akashukuru.

Nilikuwa nahesabu. Karibu saa tatu, na hakuna aliyetaja jina la mhusika hata mmoja.

Mgeni rasmi akaondoka na msafara wake, watu wakahamia kwenye foleni ya pilau. Mwalimu alikuwa amesimama kando na sahani yake, koti limemkaba, akaja binti wa steshenari ya mtaani kwake. Huyu ndiye aliyempigia chapa muswada mzima, maana Mwalimu bado anaandika kwa mkono kwenye kaunta buku. Nadhani ndiye mtu pekee pale ukumbini aliyekuwa ameisoma riwaya yote.

"Shikamoo Mwalimu. Nina swali, linanikera tangu sura ya tisa. Yule mama, kwa nini umemrudisha kwa mume wake? Ameshapata chumba, biashara ya mkaa imeshaanza kusimama. Mimi pale nachapa huku natamani nikubadilishie."

Mwalimu akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema amemrudisha kwa sababu dada yake mwenyewe, dada wa tumbo moja, alirudi.

"Dada yako alirudi, sawa," binti akasema. "Lakini huyu si ulikuwa naye mkononi mwako?"

Walibishana pale mpaka pilau ikapoa. Wakaongezeka watu wanne watano, mmoja dereva, mwingine mpishi aliyekuja na upawa wake. Hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja ila kesi waliielewa mara moja, na kila mtu alikuwa na shahidi: shangazi aliyerudi, jirani aliyegoma kurudi. Mwalimu alikuwa anajibu, anapingwa, anakubali kidogo, anakataa. Sijawahi kumwona na furaha ile hata siku alipostaafu.

Ndiyo maana nikisikia ule msemo wetu, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania jambo liandike kitabuni, nachoka. Husemwa kwa kejeli, mara nyingi na watu wa meza kuu, wakiwa hawajafungua kitabu kilicho mbele yao. Hatujawahi kuwa watu wa kupokea maandishi na kunyamaza. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na kwenye kurasa zake za mashairi wasomaji walikuwa wanajibizana: mtu wa Tanga anatupa fumbo, wa mkoa mwingine analifumbua kwa vina na mizani, wa tatu anawakosoa wote wawili. Mwandishi akitoa shairi alijua anafungua ugomvi. Hayo yalikuwa mazungumzo na waandishi, na hayakuhitaji ukumbi.

Kidato cha tano tulisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Bweni letu liligawanyika sawasawa juu ya Yasmin. Je, alikuwa na haki kumkimbia Bwana Raza, mume aliyeozwa akiwa bado binti mdogo? Taa zilizimwa saa nne na sisi tukaendelea gizani, mpaka kiranja akatishia kutuandika majina. Kulipokucha tukaenda darasani, na mwalimu (siyo huyu wa riwaya, mwingine) akaandika ubaoni: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, msimamo wa mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Tukanakili. Hakuna aliyeuliza habari za Yasmin tena, kwa kuwa Yasmin haji kwenye mtihani, unakuja msimamo.

Hebu fikiria hicho kitu, "msimamo wa mwandishi". Tuliuandika kama vile mwandishi ni marehemu wa karne ya kumi na nane. Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, tulimkariri kwa neno moja, udhanaishi, ile falsafa ya mtu kujitafutia mwenyewe maana ya maisha, na wakati huo yeye yu hai, anafundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Mtu wa kupigiwa simu. Amefariki Januari 2020, na kizazi kizima cha wanafunzi kilichompa alama za kufaulu na kutofaulu hakikuwahi kumsikia sauti. Mtoto wa Kijerumani naye anachoshwa na uchambuzi shuleni, wananiambia wenyewe wenzangu kazini, lakini wengi wao wanakumbuka siku ambayo mwandishi alikuja darasani, akasoma, na mtoto mmoja mtukutu akamuuliza analipwa shilingi ngapi. Senti ngapi, niseme.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, alipopata Nobeli ya fasihi, Oktoba 2021, nilikuwa zamu ya usiku na simu yangu haikupumzika. Ubishi wa nyumbani ulikuwa mmoja tu: ni wetu au si wetu? Pasipoti gani, aliondoka lini, uraia pacha. Mimi nina maslahi katika ubishi huo, siwezi kujifanya sina, na nilituma ujumbe mrefu kuliko wote. Ila asubuhi nikajiuliza ni wangapi katika kundi letu tuliokuwa tumesoma kitabu chake chochote. Paradise ilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28 hadithi ya mtoto wa pwani yetu ilikuwa inazungumzwa na watu wengine, na sisi tukaanza na pasipoti yake.

Huku nilialikwa kwenye kikundi cha wastaafu waliokuwa wameisoma kwa Kijerumani. Mzee mmoja alikuwa ameshikwa na mwisho wake, pale Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anapolikimbilia jeshi la askari wa Mjerumani. "Kwa nini anawafuata?" akauliza, na wote wakageuza shingo kuniangalia mimi. Kana kwamba niliiandika. Nikawaambia hata mimi nataka kujua, na nikawarudishia: nyinyi mliokuwa na hilo jeshi mwaonaje? Kukawa kimya, kikombe kikagongana na kisahani, mama mmoja akasema babu yake alikuwa na picha ya Tanga ukutani na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nisije nikaonekana nimelewa Ulaya. Lesung nyingi zinachosha. Ukiachia maswali, anasimama bwana mmoja mwenye skafu na kutoa mhadhara wa dakika sita usio na alama ya kuuliza. Hakuna atakayemwambia mwandishi amekosea, ni utovu wa adabu, na mimi siku niliyouliza kwa nini msichana wa kwenye riwaya hana hata rafiki mmoja, nilitazamwa kama niliyeuliza umri. Na mwandishi akiwa Mwafrika ndiyo basi. Nilihudhuria mmoja, riwaya yake inahusu madaktari wawili wanaopendana vibaya, na robo tatu ya muda aliulizwa habari za wakimbizi. Alijibu kwa upole. Kwenye foleni ya sahihi nikamuuliza kama yule daktari mwanamke alijua tangu mwanzo. Akainua kichwa akacheka, "Wewe umesoma!" Nyuma yangu watu wakaanza kuguna, foleni ilikuwa imesimama.

Lakini muda wa kusikilizwa wanampa mwandishi. Hilo ndilo ninalowaonea wivu. Machi ikifika, wakati wa maonyesho ya vitabu, mji huu wote unageuka kijiwe cha kusoma kwa siku chache, makanisani, mikahawani, kwenye makumbusho, zaidi ya mikutano elfu mbili, na mwingine una wasikilizaji kumi na mmoja na unaendelea tu. Hata sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu, na iko Bavaria, jimbo la kusini: mjini Bayreuth, ambako Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, alifundisha miaka mingi, hukutana kila mwaka kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980, watu wanabishana juu ya riwaya zetu kwa lugha yetu huku nje kuna misonobari. Inanifurahisha na inaniudhi kwa kipimo kilekile.

Mwalimu anamalizia riwaya ya pili. Mwezi uliopita nilimwandikia kwenye WhatsApp, nikamshauri hivi: safari hii chumba kimoja cha shule siku ya Jumamosi, viti ishirini, meza ndogo, glasi ya maji, usome sura moja, na wa kukuhoji awe yule binti wa steshenari. Bila mgeni rasmi.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, dakika nne, kuku wanasikika nyuma. Alilipenda wazo. Alimpenda binti kuliko wazo. Akasema hata ameshamsomea sura tatu na ameshagombezwa. Kisha akakohoa kidogo.

"Ila mwanangu, ile nakala ya kwanza ya mnada ndiyo iliyolipa kiwanda cha uchapaji. Sasa bila mgeni rasmi, nani ataninunulia?"

Huku mwandishi analipwa na duka, au na nyumba ya fasihi inayopata fedha za mji, hata kama wamekuja kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nimehesabu viti tu. Ujumbe wake nimeusikiliza mara tatu na bado sijajibu.