Mnaosema Eephus haina stori, mlikuwa mnasubiri kipenga

Kila filamu ya Eephus ya Carson Lund inapotajwa, hakosekani wa kusema haina stori, halafu anaongeza kwa fahari kwamba alilala. Lala salama. Ila usiisingizie filamu usingizi wako.

Ni dakika 98 za mechi moja ya besiboli ya ridhaa: timu ya Adler's Paint na timu ya Riverdogs, mwezi Oktoba, miaka ya 1990, kwenye kimji cha Massachusetts. Wachezaji ni watu wazima wenye vitambi, magoti yamechoka, bia iko karibu. Anayewajua maveterani wa Jumapili asubuhi ameshawaona. Hii ni mechi yao ya mwisho, maana kiwanja kinajengwa shule. Shule, jamani! Hata fisadi wa kumzomea hatukupewa.

Sasa huo mwendo wa pole unaolalamikiwa. Besiboli ya miaka ile haikuwa na saa. Kila timu inapiga zamu tisa, na zamu haiishi mpaka wapigaji watatu watolewe. Zamu tisa zikiisha mko sare, mnaongeza. Hakuna kupaki basi wala kujilaza chini ukishika kifundo cha mguu: uongozi wako si kitu mpaka umtoe mtu wa 27, yaani watatu mara zamu tisa. Ndiyo maana waamuzi wanapoona muda wao umekwisha na kwenda zao, hawa wazee wamenasa. Franny, mzee wa kuandika alama, anashikishwa uamuzi. Giza linaingia, wanawasha taa za magari.

Na giza lenyewe si pambo. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Wazee hawarushi hivyo, lakini mpira ulioshika udongo, ukimulikwa na taa kutoka upande mmoja, mpigaji anaushtukia umeshafika. Mdakaji, anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji, naye hajui aweke wapi glavu. Mchezo umekuwa wa hatari na wa kijinga, na hakuna anayeacha. Lund hakupunguza kasi ya chochote; ameziacha sheria zifanye kazi yake.

Jina la filamu nalo limebeba mambo. Eephus ni mpira unaorushwa juu, polepole, ukatua kama umechoka. Rip Sewell, mrushaji wa timu ya Pittsburgh, ndiye aliyeupa umaarufu, baada ya ajali ya kuwinda mwaka 1941 kumuumiza miguu na kumlazimu abadili namna ya kurusha. Unafanya kazi kwa sababu mpigaji anaanza mapema: nyonga imeshafunguka, uzito umeshahamia mguu wa mbele, mikono haina tena nguvu ya kutoa, anaishia kuupiga juu. Unakwama pale mpigaji anapoujua na kuusubiri. Mwaka 1946, kwenye mechi ya nyota, mpigaji Ted Williams aliusogelea mpira huo wa Sewell na kuupiga ukavuka uzio. Mwaka 1975, mechi ya saba ya fainali, Boston wakiongoza 3-0, mrushaji wao Bill Lee alimrushia Tony Pérez wa Cincinnati mpira huo, ikawa yale yale, na Boston wakalala 4-3. Lee huyo huyo yumo kwenye filamu, na kwa asiyemjua ni mzee tu aliyejitokeza ghafla. Hasara yake.

Ligi kuu ya Marekani yenyewe iliishiwa subira mwaka 2023, ikamwekea mrushaji saa: sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye besi, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Hongereni, mmepata mchezo wenu wa haraka.

Haya, nakubali kidogo. Majina ni mengi, na nusu saa ya kwanza hujui nani yuko timu gani. Shikilia rangi za jezi. Wanawake karibu hawamo. Na kwenye simu usiiangalie: picha ni pana, na mambo mengi yanatokea nyuma, kwa mchezaji aliyesimama mbali akisubiri mpira ambao hauji.