Struct ya C si Ujumbe: XDR na Wito wa Mbali

Mwandishi wa programu za C anapotaka kompyuta moja iite utaratibu ulio kwenye kompyuta nyingine, yaani wito wa mbali (RPC), kitu cha kwanza kumjia mkononi ni struct, muundo wa data wenye sehemu kadhaa. Lugha yenyewe imempa chombo cha kupanga data. Basi anaandika muundo wa ombi na muundo wa jibu, kisha anausukuma mtandaoni kama ulivyo kwenye kumbukumbu. Upande wa pili, mpokeaji anaunakili kwenye muundo uleule na kuendelea na kazi. Njia nyingine ni kueleza ujumbe kwa lugha ya maelezo iliyo nje ya C, kama XDR (External Data Representation) iliyotoka Sun Microsystems, na kuiachia programu kama rpcgen itengeneze msimbo wa C wa kufunga na kufungua data. Siku hizi njia hii ya pili husemwa kana kwamba ni mabaki ya miaka ya 1980, na naona haijatendewa haki.

Wanaotetea struct wana hoja za kweli. Data haigeuzwi, hakuna hatua ya ziada wakati wa kujenga programu, na anayesoma msimbo huona ujumbe wote mahali pamoja. Kwenye vifaa vidogo vyenye kilobaiti chache za kumbukumbu, kila maktaba inayoongezwa ni mzigo. Na pale ambapo programu mbili ziko kwenye mashine moja, zimejengwa kwa kompaila moja (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na zinazungumza kupitia kumbukumbu ya pamoja, kuigeuza data kwenda umbo la kati na kuirudisha ni kazi isiyo na faida. Hapo sina ubishi nao. Shida huanza mpaka wa mashine unapovukwa, na huanza kimyakimya.

Chukua ujumbe mdogo wa malipo wenye sehemu mbili: namba ya akaunti ya biti 32, kisha kiasi cha biti 64. Mwandishi amekuwa makini. Ametumia uint32_t na uint64_t, aina za namba zenye ukubwa usiobadilika, na ameikwepa long, ambayo ni biti 64 kwenye Linux ya biti 64 lakini ni biti 32 kwenye Windows ya biti 64. Hata hivyo, kwenye Linux ya prosesa za x86 za biti 32, namba ya biti 64 iliyo ndani ya muundo huweza kuanza kwenye nafasi yoyote inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo muundo mzima ni baiti 12. Kwenye x86 ya biti 64, namba hiyohiyo huanza kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo kompaila huingiza baiti 4 tupu baada ya akaunti, na muundo hufikia baiti 16. Msimbo ni uleule herufi kwa herufi, mpangilio wa baiti, yaani ile yenye uzito mdogo kutangulia, ni uleule pande zote mbili, na kompaila katika hali yake ya kawaida haitoi onyo lolote.

Sasa zifuatilie baiti zenyewe. Mtumaji wa biti 32 anatuma ujumbe wa shilingi 50,000, na mara baada yake ujumbe mwingine unaohusu akaunti namba 7, kwa mkondo mmoja wa TCP, usioweka mpaka kati ya ujumbe na ujumbe. Mpokeaji wa biti 64 anasoma baiti 16, yaani 12 za ujumbe wa kwanza na 4 za mwanzo za ujumbe wa pili. Akaunti inasomeka sawasawa kwa kuwa iko mwanzoni. Nusu ya chini ya kiasi anaitafuta kwenye nafasi ya 8, ambako mtumaji aliweka nusu ya juu, nayo ni sifuri kwa sababu 50,000 ni namba ndogo. Nusu ya juu anaichukua kwenye nafasi ya 12, ambako sasa imekaa namba ya akaunti ya ujumbe wa pili. Matokeo yake ni 7 mara 4,294,967,296, yaani shilingi 30,064,771,072. Programu haikuanguka wala hitilafu haikuripotiwa, na tangu hapo kila ujumbe unaofuata katika mkondo huo unasomwa kutoka mahali pasipo pake.

Mfano huu hunitia hofu kuliko tofauti ya mpangilio wa baiti ambayo wakufunzi wengi hupenda kuitaja. Mpangilio wa baiti angalau unafundishwa, na htonl, amri ya C ya kupanga baiti za namba kwa mtindo wa mtandao, ipo karibu na kila mtu, ilhali nafasi tupu za kompaila hazionekani popote kwenye msimbo, na kosa lake hupita majaribio yote yanayofanywa kwenye mashine za aina moja. Tena nafasi hizo huweza kubeba chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu kabla yake, na zikitumwa mtandaoni hutoka nazo siri ambazo hakuna aliyekusudia kuzitoa.

Katika XDR ujumbe huohuo huelezwa kwa mistari miwili, mmoja wa unsigned int na mwingine wa unsigned hyper. Wa kwanza ni baiti 4 na wa pili ni baiti 8, ile yenye uzito mkubwa ikitangulia, kwa kila mashine na kila kompaila. Jumla ni baiti 12, pungufu ya zile 16 ambazo mashine ya biti 64 ingetuma kwa njia inayosifiwa kwa wepesi wake.

Mtetezi makini wa struct atajibu kwamba dawa ipo: jaza nafasi tupu kwa sehemu zilizotajwa waziwazi, kisha tumia _Static_assert ya C11 ili programu ikatae kujengwa ukubwa ukitofautiana. Ni jibu zuri, na kwa ujumbe wenye ukubwa usiobadilika linatosha. Lakini ujumbe wa kazi halisi huwa na jina la mtu, orodha ya bidhaa, sehemu inayoweza kukosekana. Katika C vitu hivyo hukaa nyuma ya vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, na kielekezi hakina maana yoyote nje ya programu iliyokizaa. Hapo mwandishi analazimika kutuma urefu kwanza na data baadaye, na kuukagua urefu huo kwa mkono wake katika kila mahali unaposomwa. Tuliona mwaka 2014, katika kasoro ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, iliyoitwa Heartbleed, kinachotokea ukaguzi mmoja wa namna hiyo unaposahaulika: seva iliamini urefu uliotajwa na mtumaji na kurudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake. OpenSSL haikuwa mfumo wa wito wa mbali, lakini mtego ni uleule. Katika XDR, string jina<64> ni sehemu ya maelezo yenyewe. Msimbo unaotengenezwa hukataa herufi ya 65, na msomaji wa data hujua baiti ngapi zimebaki. Kikomo kimeandikwa mara moja, mahali ambapo pande zote mbili hukiona.

Sisemi kwamba msimbo unaotengenezwa na chombo hauna makosa. Mwaka 2002 ilibainika kwamba xdr_array, katika maktaba iliyotokana na ile ya Sun, ilizidisha idadi ya vitu kwa ukubwa wa kila kimoja bila kuangalia kama jibu limefurika, na mshambuliaji aliweza kuutumia mwanya huo. Mifumo mingi iliyokuwa imeunakili msimbo huo iliguswa kwa pamoja. Hiyo ndiyo bei ya kutegemea chombo kimoja: kosa la mmoja huwa la wote. Hata hivyo, kosa hilo lilikuwa na jina na mahali pake, na waliohusika walijua cha kurekebisha. Ukaguzi ulioandikwa kwa mkono katika taratibu mia mbili hauna mahali pamoja pa kurekebishwa.

Kuna lawama mbili ambazo lazima zikubaliwe. Ya kwanza ni upotevu: XDR hupanga kila kitu kwa vipande vya baiti 4, kwa hiyo jibu la ndiyo au hapana hula baiti 4. Waliouandika waraka wake wa mwaka 1987 walieleza sababu: kipande kidogo kingeleta shida ya upangaji kwenye mashine nyingi, na cha baiti 8 kingeivimbisha data kupita kiasi. Aidha, mashine mbili za x86 hugeuza baiti mara mbili bila kuhitaji, ingawa kugeuza namba ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na safari ya mtandaoni. Lawama ya pili ni nzito zaidi. Sehemu za XDR hazina namba za utambulisho kama zilivyo katika Protocol Buffers, lugha nyingine ya kueleza ujumbe iliyofunguliwa kwa umma na Google mwaka 2008, ambako programu ya zamani huruka sehemu isiyoifahamu. Ukiongeza sehemu moja katika XDR, aliyebaki nyuma hasomi tena.

Jibu la Sun lilikuwa kuipa kila programu namba ya toleo. NFS, mfumo wa Sun wa kutumia faili kupitia mtandao, katika toleo la 2 ulieleza ukubwa wa faili kwa biti 32, na kikomo hicho kilipobana, toleo la 3 la mwaka 1995 likaja na biti 64. Seva iliweza kuhudumia matoleo yote mawili chini ya namba ileile ya programu, 100003, na mteja aliyeomba toleo lisilokuwepo alijibiwa kwa kutajiwa la chini na la juu linalokubalika. Njia hii ni ngumu kuliko namba za sehemu, kwa kuwa kila mabadiliko ni toleo jipya, lakini haiachi nafasi ya mtu kubadilisha ujumbe bila kusema.

Mwaka 2020, glibc 2.32, maktaba ya C ya Linux, iliondoa msimbo wa Sun RPC (wito wa mbali wa Sun) uliokuwa ndani yake, na wako waliolichukua hilo kama cheti cha kifo. Kilichoondoka ni maktaba ya zamani, na nafasi yake ilishachukuliwa na maktaba nyingine, libtirpc. Maelezo ya XDR yenyewe hayakuguswa, na NFS bado inayatumia. Kwa mradi mpya wa C ningekubali mtu achague nanopb au protobuf-c, ambazo ni Protocol Buffers kwa C, badala ya XDR, hasa kama ujumbe wake utabadilika mara kwa mara. Nisichokubali ni faili la .h, lile lenye maelezo ya struct, kugeuzwa kuwa mkataba kati ya mashine mbili, kwa sababu faili hilo halisemi kama ujumbe wa malipo ni baiti 12 au 16, na anayelisoma upande wa pili hana njia ya kuuliza.