Elimu ya afya chuo kikuu: kazi ipo, kada iko wapi?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita akitaja udaktari, uuguzi au ufamasia, nyumbani wanajua atafanya kazi gani. Akisema anataka kusomea elimu ya afya kwa umma, anaulizwa: utaajiriwa kama nani? Swali hilo ni la haki, na wanaolikwepa wanawaponza vijana.

Nianze na utetezi wa fani hii, maana ndiko moyo wangu uliko. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wapatao milioni 2. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya kijijini kwao: vyoo vichimbwe, madimbwi yafukiwe. Nyuma yao walikuwepo waliopanga kipindi kipi kitangulie, nani aongoze kikundi na matokeo yapimwe vipi. Hiyo ndiyo taaluma yenyewe. Kipaji cha kuongea peke yake hakitoshi. Homa ya virusi vya Marburg, inayoambukizwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, ilipozuka Kagera Machi 2023 na kuua watu 6, haikuwepo chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Kilichobaki kilikuwa kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, kuwatenga, na kuzika kwa usalama. Sasa mweleze mfiwa kwamba haruhusiwi kumgusa marehemu mama yake. Anayeweza kulisema hilo bila kuzua uvumi wala chuki amefundishwa, tena kwa vitendo.

Wapo wanaojibu kwamba kila muuguzi ni mwelimishaji tayari, kwani kliniki ya wajawazito huanza na somo. Ni kweli nusu. Muuguzi huwafundisha waliofika, huku foleni ikimsubiri. Kujua kwa nini wengine hawakufika ni kazi ya mtu mwingine.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya ajira. Serikali huajiri kwa kada, yaani kundi la taaluma linalotambuliwa katika utumishi. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga linalomsajili, afisa afya naye ana baraza lake. Mwelimishaji wa afya hana. Waratibu wa elimu ya afya wapo mikoani na kwenye halmashauri, ila mara nyingi jukumu hilo hubebwa na mtu wa kada nyingine. Wahitimu wengi wamekuwa wakikimbilia miradi ya wafadhili, ya Ukimwi, malaria na uzazi wa mpango. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, miradi ilisimama na mikataba ikakatika. Huo haukuwa msingi wa kujengea maisha ya mtu.

Kisha kuna mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, wanaofunzwa kwa miezi sita. Wengine wanauliza: kama miezi sita inatosha, shahada ya miaka mitatu ya nini? Mimi naona kinyume. Jeshi kubwa namna hiyo linahitaji watu wa kuandaa masomo, kuwasimamia na kuzisoma takwimu wanazoleta. Lakini msimamizi huyo lazima awemo kwenye ikama ya halmashauri, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Asipowemo, kazi ataongezewa afisa afya ambaye tayari ana masoko, machinjio na vyoo vya shule vya kukagua.

Kwa anayechagua leo, ningemshauri apitie kwanza kada inayosajiliwa, kama uuguzi au afya mazingira, kisha asomee elimu ya afya katika shahada ya uzamili. Aliyekwisha kuamua kuanza nayo ajifunze takwimu na tathmini kwa bidii, kwani mashirika na taasisi za utafiti huajiri ujuzi huo hata pale ambapo jina la shahada halifahamiki. Na kabla ya kulipa ada akiulize chuo: wahitimu wenu waliopita wako wapi, na wanashika nafasi gani? Chuo kikishindwa kujibu, kozi nyingine zipo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).