Nimepandishwa Mlima Kwenda Kuonyeshwa Bahari

Mtu kazaliwa Mombasa, kakulia Mombasa, utotoni kaogelea mpaka masikio yakatoa usaha, halafu anapelekwa Kwale, juu ya kilima, akaonyeshwe bahari. Na analipa! Nisaidieni jamani, maana nyumbani nikiuliza naambiwa sina ustaarabu.

Mwenye hili ni mpwa wangu Swabra. Tangu arudi kutoka Nairobi, kukaa hakumpendezi. Kajinunulia viatu vya kupandia milima, na mtu akishavipata vile viatu basi ukoo mzima utapanda. "Mjomba, twende Shimba Hills tukatembee, kisha tule kwenye ule mkahawa wa kihistoria, wa tangu enzi za mkoloni. Mandhari yake utalia!"

Kulia, nililia.

Kwanza tukavuka Likoni. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure: upepo unao, maji kulia na kushoto, meli ya makontena inakupitia puani ikielekea Kilindini, na hulipi hata ndururu. Kama ni mandhari, mimi nilikuwa nishayamaliza hapo. Lakini wapi! Tukaingia matatu ya Kwale, tukafika Kombani ikakunja kulia, ikaanza kupanda huku inakohoa. Nikamwambia Swabra, gari lenyewe linakataa. Akavaa visikizio.

Getini tukapewa askari wa wanyamapori atusindikize mpaka kwenye maporomoko ya Sheldrick. Ana bunduki. Sasa nikajiuliza, ikiwa tunakwenda kujiburudisha, bunduki ya nini? Mbele kidogo nikapata jibu katikati ya njia: kinyesi cha ndovu, kibichi, kinafuka. Askari akakitazama, akatazama kichakani, akasema, "Twende tu, mzee." Ile "tu" yake sikuipenda. Baadaye tukaonyeshwa palahala, mnyama ambaye Kenya nzima porini hapatikani ila hapa. Mimi niliona tako jeusi likiingia msituni. Nikaambiwa nina bahati.

Njia ni kilomita kama mbili, na kwenda ni mteremko. Hiyo ndiyo hila yenyewe. Wanakuteremsha unacheka, kurudi ndiyo unakumbuka dhambi zako.

Hayo maporomoko sasa ndiyo yaliyonitia uchungu. Mita 21 za maji, yanamwagika mchana na usiku, hakuna aliyekinga hata ndoo! Watu wanapiga picha. Mimi nilikuwa nahesabu mitungi. Maana maji ya chemchemi za Marere, kwenye vilima hivi hivi, yanaletwa Mombasa kwa bomba tangu enzi za Mwingereza, na mtaani kwetu ukifungua mfereji unakupulizia hewa. Namngoja mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, nabembeleza bei, na huku Kwale maji yanaanguka bure kwa ajili ya kupendeza. Swabra akaniuliza mbona nimenyamaza, ni uzuri wa mahali? Nikamwambia ndiyo.

Kurudi juu magoti yakaanza kusema. Nikakaa kwenye gogo. Swabra, aliyesoma, akanipa historia: "Mjomba, Johannes Rebmann, yule mmisionari Mjerumani, alitoka Rabai kwa miguu mpaka akauona Kilimanjaro, mwaka 1848!" Sawa. Na aliposema kuna theluji karibu na ikweta, mabingwa wa jiografia kule London walimwamini? Walimcheka. Sasa yule ametembea mpaka Uchagani, akaitwa mwongo. Mimi nikisema nimechoka, mnanikatalia nini?

Tukafika mkahawani. Jina silitaji, niacheni nilale kwa amani. Ni kweli ni wa kihistoria. Kiti nilichokalia kilikuwa na historia, kilinibana nyama ya paja nikasimama mara moja. Ukutani wazungu wenye kofia ngumu wananitazama nami nina njaa. Menyu ikaja: chai ya tangawizi, shilingi 300. Barazani kwetu kahawa chungu ni sarafu ya 20, tena na umbea juu yake! Tukaagiza kuku na wali wa nazi. Kuku alichukua muda mrefu nikaanza kushuku ni mmoja wa wale wa historia. Alipokuja, mguu mmoja, umepoa, umelazwa juu ya jani la saladi. Shilingi 1,200.

"Mjomba, geuka uone!"

Nikageuka. Miti, miti, minazi, kisha mstari wa buluu.

"Ni bahari!"

"Najua ni bahari, Swabra. Nimeiacha asubuhi."

Weita, kijana mwenye adabu, akaninyooshea kidole kwenye ukungu. "Na kule, babu, ndiko Mombasa." Babu! Yaani nimetoka Mombasa, nimelipa nauli, nimekimbizwa na mavi ya ndovu, nikaonyeshwe Mombasa kwa mbali na nizeeshwe juu yake. Hapo ndipo nilipoielewa ile bei. Mguu wa kuku peke yake haufiki 1,200. Umebebeshwa bahari.

Kulipa nako ni kwa simu, na mtandao hakuna. "Panda pale kwenye jiwe, babu, pale unashika." Jamani, bili nayo inapandiwa! Nikapanda na magoti yangu, mkono juu, natafuta mtandao, na Swabra chini ananipiga picha. Ameshaituma kwa ukoo wote. Ameandika: "Mjomba na mazingira."

Sasa anasema mwezi ujao ni Taita, kilele cha Vuria. Nimemwambia mwezi ujao nina msiba. Akaniuliza wa nani. Bado sijajua, lakini ukoo wetu ni mkubwa, wallahi hakosekani mtu.